Mahali Nilipomficha Fisi

Nyinyi mnaolinganisha gitaa kwa kuweka simu juu yake na kungoja taa iwe kijani, sina ugomvi nanyi. Ningekuwa na kifaa hicho nikiwa na umri wenu, mgongo wangu ungekuwa umenyooka leo. Lakini kuna jambo ambalo simu haitawaambia. Mimi nilijifunza jambo hilo, na aliyeumia ili nilijue hakuwa mimi. Ndilo lililomfanya Mama Rispa alale Chekalini, kwenye shamba la binti yake, huku mumewe amelala Lurambi. Kando ya kaburi la mumewe pana nafasi ya mtu mmoja. Nyasi zimeshaifunika.

Naitwa Athumani. Nimezaliwa Matungu, katikati ya miwa, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kupiga hata filimbi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza vinanda vya makanisa, vile vya zamani vya kukanyaga kwa miguu, vyenye mivukuto ndani na ndimi za shaba. Ndiyo, mimi ni Mwislamu. Chekeni, mkimaliza tutaendelea. Pasta mmoja alizoea kuniambia, "Athumani, ukimaliza kukirekebisha hicho, keti hapo nikurekebishe na wewe." Nami nilimjibu, "Pasta, mimi niko kwa sauti tayari." Tulicheka mzaha huo miaka mingi bila kuubadilisha hata neno.

Lakini uwekeni akilini, maana una uzito. Nilikuwa naingia makanisani Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumapili sikuwahi. Nilivijua vinanda kama vidole vyangu, na sikuwahi kuwasikia watu wanaoviimbia.

Aliyenifundisha ni Mzee Lubanga wa Lurambi. Nilikuwa seremala mwanafunzi hapa mjini Kakamega, nikaitwa kuranda kifuniko cha kinanda kilichovimba kwa unyevu. Mzee alikuwa amepiga magoti nyuma yake, akibonyeza vitufe viwili viwili. Nilisimama na randa mkononi, kichwa nimekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Wewe. Umesikia nini?"

"Kuna kitu kinatikisika, Mzee."

"Wacha hiyo randa."

Sikuishika tena.

Ndani ya kinanda, kila kitufe kina ulimi wake, kibati chembamba cha shaba, kimebanwa upande mmoja na upande wa pili kiko huru. Hewa ikipita, kinacheza, na huo mchezo ndio sauti. Ukikikwangua kwenye ncha, sauti inapanda. Ukikikwangua kwenye kisigino, pale kilipobanwa, inashuka. Kwangua kidogo, urudishe, ukanyage, usikilize. Mikono yako isiwe na joto, maana shaba ikipata joto la vidole inakudanganya; utaisifu jioni na asubuhi itakukana. Na shaba uliyoiondoa hairudi. Siku yangu ya kwanza nilikwangua kwa furaha mpaka noti moja ikapanda ikawa sawa na jirani yake. Mzee alizibonyeza zote mbili, akasikiliza, akasema, "Umewaozesha hawa bila kuuliza wazee wao."

Kwenye kanisa moja karibu na msitu kinanda kilikuwa hakitoi pumzi. Tulifungua nyuma tukamkuta kuku wa mke wa pasta amelalia mayai tisa juu ya mvukuto. Mke wa pasta alitukataza kumwondoa. "Ingokho hiyo ni ya wageni wa Pasaka," alisema, "na nyimbo mnaweza kuimba na midomo." Tukarudi baada ya wiki tatu. Walikuwepo vifaranga.

Sasa ngoja niwaeleze kiini cha kazi yenyewe. Chukua do na so yake. Ukizipiga pamoja zikiwa safi hazitikisiki hata kidogo. Zinatulia kama maji ya sufuria kabla ya moto. Halafu ile so uifanye do mpya, utafute so yake. Endelea hivyo, ukishuka oktavu, yaani kwenye noti ya jina lilelile huko chini, kila vitufe vinapokaribia kukuishia. Baada ya hatua kumi na mbili utakuwa umepita kwa kila kitufe, cheupe na cheusi, na kwa akili ya kawaida umerudi ulipoanzia. Hurudi. Unafika juu kidogo ya hapo, pungufu ya robo ya nafasi iliyo kati ya kitufe na jirani yake. Nilipofundishwa hivyo nilidhani masikio yangu ni mabovu. Nilirudia hatua zile kuanzia asubuhi mpaka alasiri, Mzee akila viazi vitamu akinitazama.

"Umekwama?"

"Mzee, duara halifungi."

"Halifunganga. Mungu aliliacha hivyo. Kazi yetu ni kuamua nani atabeba kilichobaki."

Kilichobaki hakitupwi, vijana. Unaweza kukisukuma, lakini kitakuwepo. Ukikisukumia chote pembe moja ya kinanda, kumi na moja za kwanza zitatulia, na ile ya mwisho, ukiibonyeza, inalia kwa namna inayosimamisha nywele. Mzee aliiita fisi. Au unakitandaza, yaani unakigawanya: kila so unaibana kidogo sana, zote kumi na mbili, kila moja ibebe sehemu yake. Hakuna iliyo safi, hakuna inayolia. Kila moja ina wimbi dogo la polepole, na Mzee alipima wimbi hilo kwa kusema taratibu "Bwana asifiwe": wimbi moja, Bwana asifiwe moja. Mimi nilihesabu kwa Subhanallah, moyoni. Tulimaliza pamoja.

Alivipima vinanda vyote kwa namna hiyo, bila kubagua. Nami, kijana mwenye masikio, nikaanza kumwona mzee wangu kama mpishi anayetia chumvi ileile kwa kila chungu.

Maana nilikuwa nimegundua utamu. Siku moja, peke yangu kanisani, nilibana so zangu zaidi ya kiasi chake, na ghafla do na mi zikatulia. Kwa kawaida do na mi kwenye kinanda huchacha kidogo, mmezizoea, hamsikii. Siku hiyo ziliacha kuchacha. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Nilikaa pale nikabonyeza do, mi, so, mpaka miguu ikachoka kukanyaga. Lakini so kumi na moja zikibanwa hivyo, ya kumi na mbili inatanuka mno, na fisi wake ni mkubwa kuliko yule wa kwanza. Nilimficha mbali, kati ya kitufe cheusi cha katikati ya vile vitatu na cheusi cha pili cha vile viwili. Nilikuwa nimefungua kitabu cha nyimbo nikakagua. Hakuna wimbo hata mmoja uliokuwa na makao pale.

Nilimwita Mzee asikie. Alisikiliza muda mrefu, macho amefumba.

"Tamu," akasema. "Na fisi umemlaza wapi?"

"Hapa nyuma, Mzee. Hakuna anayepita hapa."

"Nani amekwambia?"

"Kitabu."

Alifungua macho akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. "Kitandaze," akasema. "Kesho nikute kimetandazwa." Nikakitandaza. Sikumuuliza sababu, naye hakupenda kueleza kitu kisichoulizwa.

Mzee Lubanga aliugua wakati wa mavuno. Mkewe, Mama Rispa, alikaa naye hospitalini wiki mbili. Kisha madaktari wakasema Mzee amepata nafuu, na Mama Rispa akaenda Chekalini siku tatu kumsaidia binti yao kuvuna mahindi kabla mvua haijayaharibu. Mimi nilibaki na Mzee. Alikuwa anazungumza juu ya kinanda cha kanisa lake la Lurambi, kile alichokilinganisha tangu ujana.

"Mkinizika," alisema, "watakibeba mpaka nyumbani. Kilinganishe kabla. Na ukitandaze, Athumani. Usinifichie fisi."

Nilisema, "Ndiyo, Mzee."

Siku ya pili yake, nilipokuwa nimetoka nje kidogo, alifariki, Mama Rispa akiwa bado Chekalini. Muuguzi alimwambia mama baadaye kwamba Mzee aliondoka akitazama mlango. Nadhani muuguzi alitaka kumfariji.

Mwili ukawa mochwari, matanga yakaanza, nami nikajifungia na kile kinanda siku nne. Nilielewa alichoniagiza, siwezi kusema sikuelewa. Nilidhani ni mazoea ya mzee. Nikajiambia, mtu huyu amepima chumvi maisha yake yote, na siku moja tu, siku yake, asindikizwe kwa utamu. Nikazikwangua ndimi moja moja. Nikaibana kila so mpaka do na mi zikatulia, na fisi nikamlaza palepale, kwenye vitufe vyeusi. Nilikuwa nikilia nikifanya kazi ile, na nilikuwa najivunia. Vitu hivyo viwili vinakaa pamoja kwa urahisi kuliko mnavyodhani.

Siku ya mazishi vijana walikibeba kinanda kwa mkokoteni mpaka uani kwa Mzee. Nilisimama nyuma ya hema, kofia yangu kichwani, mara yangu ya kwanza kusikia kinanda nilichokilinganisha kikiimbiwa na watu. Aliyekuwa akikipiga ni Mwalimu Phanice wa shule ya msingi, mama mwembamba asiyetabasamu akipiga. Kwaya iliimba nyimbo mbili kutoka kitabuni. Jamani, ilikuwa nzuri! Watu waligeuka kukitazama kinanda. Bibi mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Leo hata kinanda kinamlilia Lubanga vizuri." 

Kisha pasta akasema, "Sasa mama mwenye nyumba amsindikize mzee wake."

Hili ndilo ambalo sikulijua. Kwenye kanisa lile, wimbo mkubwa hauanzishwi na kinanda. Mtu anauanzisha kwa sauti yake, popote moyo unapomweka, juu au chini, na mpiga kinanda anamtafuta. Kwenye mazishi, mjane ndiye anayeanzisha, kabla jeneza halijashuka. Mama Rispa alikuwa maarufu kwa hilo. Wanasema aliwahi kuanzisha wimbo mmoja mahali tofauti Jumapili nne mfululizo, na Mzee Lubanga, aliyekuwa akipiga kinanda wakati huo, alimpata kila mara kabla ya mstari wa pili. Ndivyo walivyochumbiana. Na ndiyo sababu alivitandaza vinanda vyote: watu wake walipita kila mahali.

Mama Rispa alisimama kando ya shimo, leso mkononi, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzwa na siku za kilio. Nilimwona Phanice akiinamisha kichwa, mkono wa kulia ukitambaa juu ya vitufe bila kubonyeza, ukimtafuta. Nilijua kabla yake. Nilifungua kinywa. Mkono ukatulia kwenye cheusi cha katikati ya vile vitatu, mkono wa kushoto ukafuata, miguu ikakanyaga.

Fisi akalia.

Sitaki kuwapambia. Ilikuwa sauti mbovu, ya kukwaruza, inayopigapiga kama mlango ulioachwa kwenye upepo, chini kabisa ya sauti ya mwanamke yule. Phanice aliondoa mikono, akadhani amekosea, akarudisha. Ikalia tena. Mama Rispa alinyamaza katikati ya neno. Hakugeuka kutazama kinanda. Alilitazama jeneza.

"Basi," akasema. "Mshusheni."

Wakamshusha bila wimbo. Nilisikia kamba zikisugua mbao, na bibi mbele yangu akinong'ona, "Amekataa. Mzee amekataa wimbo wake."

Mwenzake akamjibu, "Si alimwachanga hospitali?"

Kinanda kilichoimba vizuri asubuhi nzima kilikuwa kimemlilia vibaya Mama Rispa peke yake. Ndivyo walivyoona, na kwa macho yao walikuwa na haki.

Jioni ile, kabla watu hawajatawanyika, Phanice alinijia. "Fundi, nimefanya nini?" Nikamwambia, "Si wewe, Mwalimu. Ni mvua. Mbao zimenyonya maji." Uongo huo ulitoka kinywani kwa urahisi kama salamu. Kesho yake nilirudi kanisani na kikwanguo changu, nikakitandaza kinanda chote sawasawa, Subhanallah moja kwa kila wimbi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna ambaye angejua.

Mama Rispa hakuanzisha wimbo tena. Nilianza kwenda Lurambi Jumapili, nikakaa kwenye ngazi ya nje, watu wakidhani pasta hatimaye ameniweza. Nilikuwa nangoja sauti ile nzito. Walianzisha wengine. Yeye alikaa benchi la nyuma, midomo imefungwa, kitabu kimefungwa mapajani. Mwaka ukapita, na mingine, nami kila Jumapili nikajiambia, akianzisha leo, nitanyamaza milele. Asipoanzisha, nitamwambia wiki ijayo.

Kilichonivunja ni maneno ya Phanice. Tulikutana stendi, akaniambia Mama Rispa ameanza kuugua, na amewaambia watoto wake wasimzike Lurambi. Wamzike Chekalini, kwa binti. Mnajua jambo hilo lina uzito gani kwetu, mke azikwe mbali na boma la mumewe. "Anasema mzee alimkataa mbele ya watu," Phanice akasema, "hawezi kwenda kulala mahali alipokataliwa."

Nilikwenda kumchukua Mama Rispa mimi mwenyewe, tukatembea polepole, yeye kwa fimbo yake, mpaka kanisani. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hakuna mtu. Nilimkalisha kwenye benchi la mbele.

"Mama, siku ile si Mzee aliyekataa. Ni mimi."

"Wewe ulikataa nini?"

"Nilikilinganisha kinanda vibaya. Aliniagiza nikitandaze, nami sikukitandaza. Kuna mahali nilipaacha pabovu, na wewe ukaanzia hapo."

Alinitazama. "Phanice aliniambia ulisema ni mvua."

"Nilidanganya, Mama."

"Na leo?"

Akainua kidevu kuelekea kinanda. "Nionyeshe huo ubovu."

Nikakaa, nikakanyaga, nikabonyeza cheusi cha katikati ya vile vitatu, na so yake, na mi yake. Kanisa likajaa sauti iliyotulia kama ubao uliorandwa.

"Hapo?"

"Hapohapo. Nilikirekebisha kesho yake."

"Ulikirekebisha," akasema, kwa sauti ya mama anayeambiwa na mtoto kwamba maziwa yamenywewa na paka.

Nilifungua kifuniko. Nikachomoa ulimi wa kile cheusi cha pili cha vile viwili. Nilitaka kuukwangua ncha tena, kuupandisha ulipokuwa, ili fisi arudi kwa dakika moja tu amsikie. Mikono yangu ilikuwa na joto, nami sikungoja ipoe. Ulimi ule ulikuwa umeshakwanguliwa pande zote, kwenda na kurudi, umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Nilipoubonyeza kwa kikwanguo ulisema "tik" na ncha yake ikaanguka sakafuni.

Mama Rispa akaniwekea mkono begani.

"Wacha kuvunja kinanda cha watu kwa sababu yangu. Lubanga alisemanga wewe una moyo laini. Umeniletea uongo mbili, Athumani, mvua na sasa hii, zote za kunifunika. Mungu akubariki. Lakini mimi najua nilichofanya. Nilimwacha akafa akitazama mlango."

"Mama, wallahi..."

"Usiape kanisani kwa watu," akasema, akatabasamu kidogo. "Nirudishe nyumbani, jua limekuwa kali."

Tulimzika Chekalini. Kulikuwa na kinanda cha umeme, na kijana mmoja mpole, labda ni mmoja wenu, alibonyeza mahali kikaanza chenyewe, ngoma na yote. Watu wakakifuata. Kililingana vizuri, kama vinavyolingana vyote vya siku hizi. Kilichobaki kimeshagawanywa kiwandani, hamkioni. Hakuna aliyeanzisha kwa sauti yake. Nilingoja mpaka mwisho.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoingia kazi hii, au kazi yoyote ya kunyoosha vitu vya watu: kabla hujakwangua, nenda siku ambayo watu wapo, usikilize wanaanzia wapi. Na ukikosea, usikimbilie kurekebisha. Mwite kwanza uliyemuumiza, asikie kosa likiwa bado linalia, ndipo uchukue kikwanguo.

Kinanda cha Lurambi kiko stoo ya kanisa, chini ya viti vya plastiki. Kile cheusi cha pili bado hakisemi, alama pekee iliyobaki ya kosa langu. Phanice ameniomba mara mbili nikitie ulimi mwingine, na ninao, uko kwenye kopo la majani ya chai hapa mezani ninapoandika. Nimemwambia mikono yangu inatetemeka siku hizi, na ni kweli inatetemeka. Lakini hiyo siyo sababu.